SOMO: CHAMBO BANDIA CHENYE KASORO – KUDAI, KUTENGENEZA AU KUKIPA KAZI NYINGINE

Katika Ziwa Nyasa, kwenye fukwe za Matema na Kyela mkoani Mbeya, mbasa humwinda usipa. Kwa hiyo kipande cha bati kinachong'aa, kikivutwa majini kwa mwendo wa usipa, humshawishi mbasa kukishambulia. Katika Mto Ruaha Mkuu, unaolijaza Bwawa la Mtera mpakani mwa Iringa na Dodoma, wamo samaki wenye meno makali wa jamii ya Hydrocynus, ambao huweza kuinyoosha ndoano dhaifu kwa mvuto mmoja. Chambo cha namna hiyo, kiwe cha bati, cha mti au cha plastiki, huitwa chambo bandia. Ni bandia kwa samaki; hakipaswi kuwa bandia kwa mnunuzi.

Kinapoharibika, wengi hukimbilia tupa na gundi. Somo hili linafundisha utaratibu tofauti: kwanza pambanua kasoro, pili dai haki yako, tatu ndipo utengeneze. Atakayeanza kutengeneza huenda akajiharibia ushahidi.

1. Kasoro hii ni ya nani?

Kasoro ya muuzaji ni ile iliyokuwamo siku ya kununua: ndoano inayovunjika mara ya kwanza kutumika kwa kawaida, chambo cha plastiki kinachoingiza maji kabla hakijagonga jiwe, au kifungashio kisemacho chuma kisichoshika kutu na kutu ikatokea baada ya siku chache. Kasoro ya matumizi ni ncha iliyogota kwa kukwaruza miamba, au kutu iliyotokana na chambo kuhifadhiwa kikiwa kimelowa.

Ikiwa kasoro ni ya muuzaji, usikikwangue, usikipinde, usikipake rangi. Kipige picha, kihifadhi pamoja na kifungashio na risiti, kisha ukirudishe mapema. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", yanayoandikwa kwenye risiti nyingi, yasikukatishe tamaa ya kudai bidhaa iliyouzwa ikiwa na kasoro. Muuzaji akikataa kukusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

2. Matengenezo yanayofaa

Ncha iliyogota. Ipitishe taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, imegota, ikinasa, ni kali. Inoe kwa tupa ndogo, ukielekeza tupa kwenye ncha, na uache mara ncha inapoanza kunasa. Kunoa kupita kiasi huifanya iwe nyembamba na kuvunjika.

Ndoano iliyonyooka. Usiirudishe kwa plaizi. Chuma kilichopindwa mara mbili kimekwisha kudhoofika, nawe utaligundua hilo samaki akiwa tayari ameshikwa. Weka ndoano mpya ya ukubwa uleule, kwa kuwa nzito zaidi hubadili mwendo wa chambo.

Pete iliyofunguka. Ile pete ndogo ya mizunguko miwili inayoshika ndoano ibadilishwe kwa pete ya uvuvi. Pete ya funguo hufanana nayo kwa sura, lakini haikutengenezwa kuhimili mvuto wa samaki.

Chambo kinachoingiza maji. Kizamishe katika maji ya vuguvugu. Viputo vitaonyesha mahali penye ufa. Kikaushe kabisa, kisha uzibe kwa gundi isiyoyeyuka majini. Ukiziba kabla hakijakauka, unayafungia maji ndani.

Chambo kinachoogelea upande. Kikielekea kushoto, pinda kidogo sana kitundu cha kufungia mshipi kuelekea kulia. Kikielekea kulia, fanya kinyume chake. Kijaribu kwenye maji matulivu kabla ya kupinda tena.

Bati lililofifia. Lisugue kwa majivu laini na limau, suuza, kausha, kisha ulipake rangi ya kucha isiyo na rangi ili mng'ao udumu.

3. Kisichotengenezeka kipewe kazi nyingine

Chambo kilichopasuka vibaya bado kina pete, ndoano na vitundu vinavyoweza kutumika kwingine. Kijiko kikuukuu cha chakula, kikikatwa mpini, kikatobolewa pande mbili na kulainishwa kingo kwa msasa, huwa chambo kizuri. Jambo hili si geni: Julio Buel wa Marekani alipata hataza ya chambo cha umbo la kijiko mwaka 1852.

4. Tahadhari

Usiyeyushe risasi ya chubwi katika sufuria ya jikoni, wala usiibane kwa meno. Risasi ni sumu, na hudhuru zaidi ubongo wa watoto.

Vaa miwani unapokata au kunoa chuma. Ndoano iliyokataliwa isitupwe ufukweni, wanakopita watoto peku na mifugo. Itie katika chupa yenye kifuniko. Aliyechomwa na ndoano yenye kutu aende kituo cha afya kwa ajili ya kinga ya pepopunda.

Maswali ya kujipima

(a) Umenunua chambo jana, na ndoano yake imevunjika leo ulipokirusha kwa mara ya kwanza. Je, utaanza na tupa au na risiti?
(b) Kwa nini ndoano iliyonyooka haifai kupindwa upya?
(c) Nyumbani kwako kuna ndoano ngapi chakavu, na zimehifadhiwa wapi?