Muarubaini: Dawa na Hatari Yake

Wasomaji wetu wa pwani waujua sana mti wa muarubaini. Waota Lamu, Malindi, Kilifi na Mombasa, nyuani na kando ya njia, na asili yake ni Bara Hindi. Jina lake latokana na hesabu ya arubaini, maana husemwa kwamba huponya maradhi 40. Juma hili tutaeleza yaliyo kweli katika sifa hizo, na mahali pa kujihadhari.

Kwanza yafaa tujue kwamba kutafuta dawa katika miti si ujinga. Kwinini ilitoka katika gome la mkwinini, mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Kwa zaidi ya miaka 150 watu wa Ulaya waliokuwa na homa walikunywa gome hilo lililosagwa. Wengine walipona na wengine hawakupona, kwa kuwa gome la mti mmoja lilikuwa na dawa nyingi, na la mwingine kidogo. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walifaulu kuitenga kwinini na gome lake. Tangu hapo iliweza kupimwa kwa mizani. Na kupimwa ni lazima, kwa sababu ikizidi huvumisha masikio, huharibu macho na hudhuru moyo.

Sasa turudi kwa muarubaini. Vijiti vyake ni mswaki mzuri, na mbegu zake zilizosagwa huzuia wadudu wasile mimea. Lakini haijathibitishwa kwamba maji ya majani yake humponya mtu malaria. Tena konzi ya majani si kipimo: konzi ya leo si sawa na ya jana. Mafuta ya mbegu ndiyo ya hatari zaidi. Huko Malaysia watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo walitapika, wakasinzia, wakapumua kwa haraka na kushikwa na degedege, na baadhi yao wakafa. Wazazi wao walikuwa wakitaka kuwaponya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, shika mambo haya manne:

1. Mtoto mdogo asinyweshwe muarubaini, wala majani wala mafuta. Mama mja mzito naye asinywe.

2. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu. Malaria kali yaweza kumwua mtoto kwa siku moja au mbili. Siku ya kungojea majani yafanye kazi yaweza kuwa ndiyo siku ya mwisho.

3. Aliyekwisha kunywa dawa ya mti asione haya kumwambia daktari ni mti gani, sehemu gani na kiasi gani. Dawa mbili zaweza kugombana mwilini.

4. Mtu akitapika au kusinzia baada ya kunywa dawa hiyo, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yake.

Wako wasemao kwamba dawa chungu ndiyo yenye nguvu. Kwinini ni chungu, na muarubaini ni mchungu. Lakini ziko sumu nyingi zilizo chungu vile vile. Uchungu hauonyeshi kama kitu kitaponya au kitaua. Kinachotenga dawa na sumu ni kipimo, na kipimo hakijulikani kwa ulimi.