Mashine ni Yao, Dhamana ni Yetu

*Shangazi, mimi ni mama wa miaka 41, msimamizi wa hifadhidata katika hospitali moja ya kibinafsi hapa kisiwani Mombasa. Rekodi za wagonjwa, maabara, famasia na malipo zote zinakaa kwenye seva zetu wenyewe, katika chumba kilichoko orofa ya pili. Tulikuwa watatu. Mmoja amepata kazi Doha, mwingine amehamia Nairobi, nimebaki peke yangu. Simu yangu haizimwi hata usiku wa Idi.*

*Sasa mkurugenzi amekuja na mpango. Kampuni kubwa ya wingu italeta kabati la mashine zake hapa hapa hospitalini, mafundi wake watalisimamia wakiwa ng'ambo, nasi tutalipa kila mwezi. Anasema data haitatoka nje ya jengo, kwa hivyo hakuna la kuogopa. Nilipouliza maswali, aliniambia mbele ya wakuu wa idara kwamba ninachotetea ni kiti changu. Nimelia, Shangazi, kwa sababu sina hakika kama anakosea. Naogopa kupoteza kazi. Na naogopa vilevile siku data itakapopotea: nani ataulizwa? Nikatae ama nikubali?*

*Asiyelala, Kibokoni*

Mwanangu,

Nianze na lile lililokuliza. Kuogopea riziki si aibu. Mtu anaweza kuihofia kazi yake na bado akawa na haki katika asemalo. Mkurugenzi wako alikosea kuyachanganya hayo mawili mbele ya watu, nawe usimsaidie kuyachanganya ukiwa macho usiku. Habari ya kazi yako tutaifikia. Kwanza tuwaangalie wagonjwa, maana katika kikao hicho hawakuwa na msemaji mwingine ila wewe.

Jibu langu kwa ufupi: usikatae, wala usikubali bado. Hospitali inayomtegemea mtu mmoja kuamka saa tisa usiku iko hatarini tayari, hata kampuni isipokuja. Ukiugua, ukienda Hija, ukipata kazi kwengine, ni nani mwingine anayejua kurejesha rekodi kutoka kwenye nakala rudufu? Mkurugenzi ameona tatizo la kweli. Kilichobaki ni kuipima dawa aliyoletewa kabla ya kuimeza.

Huduma ya aina hii si ngeni. Oracle ilianza kuuza wingu linalowekwa ndani ya jengo la mteja mwaka 2016, na mashine zake za Exadata hukodishwa kwa mtindo huo. Amazon ilitangaza makabati yake ya Outposts mwishoni mwa 2018, ikaanza kuzipeleka kwa wateja mwaka uliofuata. Huduma hizi zilitengenezewa wale wanaotaka wepesi wa wingu huku sheria au umbali ukiwazuia kupeleka data mbali. Na kwetu umbali upo: Microsoft ilifungua vituo vyake vya data vya Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua cha Cape Town mwaka 2020.

Elewa vizuri mgawanyo wa kazi, kwa sababu wauzaji huupitia mbio. Kampuni humiliki mashine, hubadilisha diski iliyokufa na kutia viraka vya usalama kwenye tabaka za chini. Kwa Exadata ya kawaida ya mtindo huu, mfumo endeshi wa mashine pepe na hifadhidata yenyewe hubaki mikononi mwa mteja, isipokuwa mmenunua ile inayojiendesha. Kwa RDS, huduma ya hifadhidata ya Amazon, iliyowekwa juu ya Outposts, kampuni husimamia hata programu ya hifadhidata. Kwa hivyo swali la kwanza la kumpelekea mkurugenzi ni hili: katika mkataba huu, kazi yao inakoma wapi, na yetu inaanzia wapi? Jibu liandikwe, tabaka kwa tabaka.

Sasa hayo maneno ya kwamba data haitatoka nje ya jengo. Yanaweza kuwa kweli, lakini yana milango mitatu ya kukagua.

Mlango wa kwanza ni nakala rudufu. Kwa RDS juu ya Outposts, usipochagua vingine, nakala huenda kwenye kituo kikuu cha Amazon ambacho kabati limeunganishwa nacho. Ikiwa ni Cape Town, basi kila usiku rekodi za wagonjwa wa Mombasa zitakuwa zinavuka mpaka. Unaweza kuagiza nakala zikae hapa hapa, ila ni lazima mtu aagize, na kabati liwe na hifadhi ya kuzipokea. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitaja hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na kifungu cha 49 kinasema data nyeti haishughulikiwi nje ya Kenya mpaka ipatikane idhini ya mwenyewe na ithibitike kwamba kinga ya kutosha ipo. Bibi wa mtaa wa Kuze aliyekuja kupimwa sukari hajaombwa idhini hiyo.

Mlango wa pili ni mafundi. Yeyote anayesimamia mashine kwa mbali ana njia ya kuingia. Uliza anaingia kwa ruhusa ya nani, kwa muda gani, na kila alichofanya kinaandikwa wapi. Oracle ina utaratibu ambao fundi wao hawezi kuingia mpaka mteja aidhinishe, na mteja anaweza kumkatia akiwa bado ndani. Kama kampuni yenu inao utaratibu wa namna hiyo, daini uwashwe tangu siku ya kwanza, na uidhinishaji uwe kwa watu wawili wa hospitali.

Mlango wa tatu ni funguo za usimbaji. Data iliyosimbwa ni salama kwa kadiri ya usalama wa aliyeshika ufunguo. Funguo zikae kwenye kifaa cha hospitali, na nakala yake ihifadhiwe mahali pengine palipofungwa, kwa sababu ufunguo ukipotea hakuna fundi duniani atakayeifungua data hiyo.

Nikupeleke baharini sasa, maana ukaaji wetu kisiwani una uzito katika jambo hili. Kabati hilo litakaa kwenu, lakini amri zake zinatoka mbali na hupita kwenye kebo. Rais Mwai Kibaki alipoipokea kebo ya TEAMS hapa Fort Jesus Juni 2009, tulifurahi kwamba siku za kutegemea setilaiti zimekwisha. SEACOM ikaanza kazi mwezi uliofuata, nyingine zikafuata, na leo Mombasa ni lango la intaneti kwa nchi kadhaa jirani. Lakini Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliteremsha nanga ikaikata TEAMS, wakati kebo nyingine zilikuwa zimeshakatika Bahari ya Shamu. Na Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote. Angalia ni upande gani: ndiyo njia hasa ya kuelekea kwenye vituo vile vya kusini.

Siku kama ile, kabati lenu litafanyaje? Kwa Exadata na kwa Outposts, hifadhidata iliyokwisha kuwashwa huendelea kuhudumia watu walio ndani ya jengo. Kinachokatika ni usimamizi: hutaweza kuunda hifadhidata mpya wala kubadilisha ukubwa wake, na kifaa kikifa kampuni haitakiona wala haitakirekebisha kwa mbali. Daktari wa zamu anaweza asijue kwamba kuna kebo iliyokatika. Wewe utajua, na saa hizo utakuwa mlinzi pekee. Dai jaribio kabla ya kutia sahihi: kiungo cha nje kikatwe kwa makusudi siku nzima, huku maabara, famasia na kaunta ya malipo zikifanya kazi, na kila kilichokwama kiandikwe. Halafu uliza kuhusu njia ya pili ya intaneti. Kampuni mbili za intaneti zinazopitisha data yenu kwenye kebo moja ni njia moja mliyoilipia mara mbili.

Kuhusu jengo sitarefusha, ila usilipite. Kabati zima la Outposts lina urefu wa karibu sentimita 203, upana wa 61 na kina cha 122, linaweza kukaribia kilo 900, na linahitaji umeme wa kVA 5 hadi 15. Nani amepima ngazi zenu, mlango, na sakafu ya orofa ya pili? Lori litafika mlangoni, au mzigo utasukumwa kwenye vichochoro? Hewa yetu ina chumvi na unyevu unaokula vyuma. Stima nayo ilipotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, ikapotea tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Mkataba wa namna hii kwa kawaida humwachia mteja umeme, ubaridi na ulinzi wa chumba. Kama jengo haliwezi, kodisheni nafasi kwenye kituo cha data kilichojengwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya iColo inavyo hapa Mombasa, na data itabaki Kenya.

Umeuliza nani ataulizwa. Hospitali ndiyo itakayoulizwa. Kwa sheria yetu hospitali ni mdhibiti wa data, na kampuni ni mchakataji tu. Kifungu cha 42 kinataka mkataba wa maandishi unaoilazimisha kampuni kufuata maagizo ya hospitali. Kifungu cha 43 kinaipa hospitali saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data kunapotokea uvujaji wenye hatari ya kweli ya kuwadhuru wenye data, na kinamtaka mchakataji amwarifu mdhibiti bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Mashine yaweza kuwa ya kampuni, usiku na mchana ikalindwa na watu wake, na bado mgonjwa aliyedhurika atakuja kwenu. Kazi hukabidhiwa, dhamana haikabidhiwi. Hilo ndilo nataka mkurugenzi alisikie, na pengine atalisikia vizuri zaidi likitoka kwa wakili wa hospitali. Mwombe wakili aingie kikaoni.

Kisha kuna siku ya kuagana. Sisi watu wa Mombasa tunajua yanayotokea nyumba ikiwa ya mmoja na ardhi ya mwingine. Katika mtaa wa Majengo kuna familia zilizojenga na kuishi vizazi kwa kodi ya ardhi, na ugomvi ulipozuka, kila mmoja alilia na maandishi ambayo hayakuwapo. Ninyi mtakuwa upande wa pili: chumba ni chenu, kilichosimama ndani yake ni cha mwenzenu. Mikataba ya huduma hizi hufungwa kwa miaka kadhaa. Muda ukiisha, ama bei ikipanda, data itatolewa kwa muundo gani, kwa muda gani, kwa gharama ya nani? Diski zikirudi kwao zitakuwa na nini ndani? Kabati la Outposts lina kifaa kidogo cha ufunguo ambacho mteja hukichomoa na kukiharibu kabla ya kulirudisha, na data iliyobaki haisomeki tena. Ulizeni kampuni yenu ina nini cha namna hiyo. Na kila mwaka mtoe nakala kamili ya data, muiwashe kwenye mashine isiyo ya kampuni, muone kama inafunguka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa kazi yako. Sitakudanganya: mpango huu ukipita, sehemu ya unayoyafanya itaondoka. Hutabadilisha diski usiku, hutatia viraka vya tabaka za chini. Mwanangu, hayo yaache yaende, ndiyo yaliyokunyima usingizi. Lakini hesabu yatakayobaki: kujua nani anastahili kuona nini, kuidhinisha kuingia kwa mafundi, kutunza funguo, kujaribu urejeshaji wa nakala, kujua kwa nini ripoti ya maabara imekuwa nzito, kuusoma mkataba kila mwezi na kuulinganisha na kilichofanyika. Hakuna fundi wa ng'ambo anayeweza kuyafanya hayo, kwa sababu hajui hospitali yenu. Jifunze huduma hiyo kabla haijafika, na gharama ya mafunzo iwe sehemu ya mkataba.

Usiombe kubaki kwa kusema una miaka mingi. Omba kwa ukurasa mmoja wa maswali: mpaka wa kazi, mahali pa nakala, ruhusa ya mafundi, funguo, jaribio la kukata kiungo, umeme na jengo, na namna ya kuagana. Chini yake andika ombi moja: aajiriwe mtu wa pili wa kufanya kazi nawe, kabati lije lisije. Mpelekee mkurugenzi ofisini kwake, faraghani, kwa heshima. Mwambie unautaka mpango huu ufaulu, na kwamba haya ndiyo yatakayoufanya ufaulu. Kama ni kweli moyoni mwako, atakuona, na ile kauli ya kiti chako haitakuwa na pa kushika.

Kampuni ikijibu yote kwa maandishi na jaribio likapita, kubali kwa moyo mmoja, uusimamie mpango huo kama wako. Ikikwepa suala la nakala, la funguo au la kuagana, pendekeza kwa barua mkataba usitiwe sahihi, na nakala ya barua hiyo uiweke kwenye faili. Uamuzi ni wa bodi. Wajibu wako ni kuhakikisha hawataamua bila kujua. Ukishautimiza, lala, mwanangu. Na simu ya usiku aishike mwenzako kwa zamu.

Shangazi