Ezekeni Uga wa Kuku Kabla ya Theluji

Kwenu wafugaji wa Portland na Lewiston, huko Maine: Oktoba imeingia, na kazi ya mwezi huu ni paa la uga. Banda la kulala wengi wenu mmelijenga vizuri. Ule uga wa mbele uliozungushiwa wavu, ambamo mitetea hushinda mchana, ndio unaoangushwa na theluji.

Kwetu tulikotoka, iwe Uvira, Bujumbura au Kigoma, paa la kuku hupambana na jua na mvua, na maji hayakai juu yake. Theluji hukaa. Piga hesabu: uga wa mita 2 kwa 3 ni mita 6 za mraba. Theluji iliyoloa, kina chake sentimita 30, inaweza kufikia kilo 90 kwa kila mita ya mraba. Hapo umebeba zaidi ya nusu tani. Wavu wa plastiki wa kuzuia mwewe hauwezi mzigo huo. Theluji hunasa kwenye matundu, yanaziba, na asubuhi unaukuta chini pamoja na nguzo zake. Turubai ndilo baya zaidi, maana hubonyea katikati na mzigo wote ukakusanyika hapo.

Ezeka kwa bati, juu ya mbao za inchi 2 kwa 4 zilizosimamishwa kwa ubavu, kila moja sentimita 60 kutoka mwenzake, zikivuka ule upande mfupi wa mita 2. Paa lishuke walau sentimita 40 kwa kila mita, na mteremko uupe mlango kisogo. La sivyo theluji ikiporomoka itakuzibia njia. Bati lina faida nyingine: huzuia vinyesi vya mabata mwitu na ndege wengine wa porini, na homa ya mafua ya ndege, H5N1, imekuwa ikiingia kwenye mabanda ya nyumbani Marekani tangu 2022.

Kuta za kaskazini, mashariki na magharibi zifunge kwa plastiki nzito. Dhoruba kubwa za pwani ya Maine huja na upepo wa kaskazini-mashariki, na baridi kali inayofuata hutoka kaskazini-magharibi. Kusini pabaki wavu mtupu, jua liingie. Chini ya paa acha upenyo wa kiganja kuzunguka pande zote.

Upenyo huo, na ule wa banda la kulala, wengi huuziba kwa huruma, na hapo ndipo wanapowaumiza kuku. Mtetea ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi na koti la manyoya. Akiwa mkavu na hapigwi na upepo, baridi anaimudu. Unyevu ndio unaomshinda. Pumzi na kinyesi chake hulowesha hewa, upanga wa kichwani unaloa, kisha unaganda na ncha zake zinakuwa nyeusi. Ukifungua banda asubuhi ukakuta matone kwenye kioo, au harufu ya kinyesi ikakuchoma macho, ongeza matundu juu ya vichwa vyao. Leghorn mwenye upanga mkubwa huteseka. Chantecler, aliyezalishwa Quebec, ana upanga mdogo na anafaa zaidi. Taa ya joto usiweke kabisa. Maranda makavu yakishika moto, banda linateketea na kuku wake. Afadhali fito pana ya kulalia, ubao wa 2 kwa 4 uliolazwa, ili mtetea afunike vidole kwa manyoya ya kifua.

Mayai yatapungua. Mwishoni mwa Desemba mchana wa Portland haufikishi saa 9 za mwanga, na mtetea anataka kama saa 14. Balbu ndogo yenye swichi ya saa, iwake alfajiri, itasaidia; mimi ningewaacha wapumzike. Fedha ya balbu nunulieni bakuli la umeme la kuzuia maji yasigande, kwani kuku asiyekunywa hali vizuri, na asiyekula hatagi.

Pita ofisi ya mji uulize kibali: miji mingi huweka kikomo cha mitetea na kukataza jogoo. Halafu nguzo. Ardhi ya Maine huganda kwenda chini zaidi ya mita moja, na nguzo fupi husukumwa juu na barafu. Ikishaganda, koleo haliingii. Chimbeni mapema mwezi huu, lakini kwanza pigeni simu 811 mwoneshwe mabomba ya gesi na nyaya zilizofukiwa. Huduma hiyo ni bure.