Mbuzi Akifura Tumbo

Wanachama wenzangu, hapa Eastlands mbuzi ni majirani zetu. Ukitoka Kariobangi kupitia Korogocho hadi Dandora utawakuta wakila maganda ya viazi, kabeji za kutupwa na ugali wa jana. Watu hucheka eti mbuzi wa Nairobi hula hata gazeti. Lakini kwa mwenyewe, mbuzi huyo ndiye karo ya muhula, na tumbo laweza kumwua kwa saa chache tu.

Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne. Kile kikubwa kiko upande wa kushoto, na humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huchachusha chakula. Hewa inayotokea, hasa kaboni dayoksaidi na methani, mbuzi huitoa kwa kupiga mbweu. Hebu weka ngumi kwenye kile kishimo nyuma ya mbavu za kushoto. Kwa mbuzi mwenye afya utahisi tumbo likisukuma mara moja au mbili kwa dakika. Ukikosa kuhisi kitu, anza kushuku.

Mbweu zikizuiwa, ubavu huo hufura, na ukiupiga kwa vidole walia kama ngoma. Mbuzi husaga meno, hulala na kuamka, hupumua kwa shida kwa kuwa mapafu yamebanwa. Mara nyingi amekula majani mabichi kwa pupa, na hewa imegeuka povu kama la sabuni. Povu halitoki kwa mbweu. Dawa ya kwanza ni mafuta ya kupikia, yale ya maji, si yale ya kuganda. Mbuzi mkubwa apewe kama mililita 100, polepole, kupitia pembeni mwa mdomo. Kichwa kisiinuliwe sana, la sivyo mafuta yataingia mapafuni na utakuwa umemwua wewe. Kisha asimame, miguu ya mbele iwe juu kidogo, akandwe ubavu huku daktari wa mifugo akiitwa. Wale mafundi wa mtaani wa kutoboa kwa kisu wakae kando!

Aliyevamia gunia la mahindi ni kesi nyingine. Tumbo lake huwa kali kama siki, akaharisha na kulegea. Mwondolee nafaka, mpe nyasi kavu, na daktari aje siku hiyo hiyo.

Sasa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, lakini karatasi za mkate zingali zinatupwa kila siku. Plastiki haisagiki. Hujisokota tumboni ikawa donge, mbuzi akakonda mgongo huku tumbo ni kubwa, na kufura kukaja na kurudi. Hapo mafuta ni kazi bure: daktari hupasua ubavu wa kushoto na kulitoa donge kwa mkono, na upasuaji si wa bei ya kila mtu. Kwa hivyo ukimwaga mabaki ya chakula, yatoe kwanza kwenye karatasi. Mbuzi hafungui fundo, humeza na karatasi yenyewe.