Kusoma Picha: Ndege ya Wright, 1903

Picha hii, ambayo wengi huiweka kwenye fremu na kuitundika ukutani, ilipigwa tarehe 17 Desemba 1903 karibu na Kitty Hawk, Marekani.

Kinachoonekana: Ndege imeachana na ardhi. Orville Wright amelala kifudifudi juu ya bawa la chini. Kaka yake, Wilbur, yuko upande wa bawa la kulia. Chini kuna reli ya kurukia, na nyayo mchangani.

Kisichoonekana: Muda na umbali. Kumbukumbu za maandishi ndizo zinazotueleza kuwa iliruka sekunde 12, meta 36 hivi.

Zingatia: Ukiandika "picha inaonyesha ndege iliruka sekunde 12", utakosa alama ingawa takwimu ni sahihi. Picha hunasa nukta moja tu ya wakati.

Zoezi
Safari ya nne siku hiyo ilidumu sekunde 59. Je, picha hii inathibitisha hilo? Toa sababu mbili.

Jibu: Hapana.
(i) Ni picha ya safari ya kwanza.
(ii) Picha haipimi muda.