Nyimbo za Dansi kwa Tuba Nne



Katika bendi ya shule yetu sisi wapiga tuba tu wanne: wawili wana tuba ndogo za I-flati, na wawili, mimi nikiwa mmoja wao, tuna tuba kubwa za Bi-flati. Mwaka huu tumepewa nafasi ya kupiga peke yetu nyimbo mbili katika tamasha la kufunga shule. Mwalimu wa bendi ametaka ziwe nyimbo za dansi ambazo wasikilizaji wanazijua, na tusipokuwa nazo tayari nafasi hiyo watapewa wengine. Kwa hiyo nimelichunguza jambo hili kwa bidii, nami napenda kuwagawia niliyoyapata, maana shule nyingi hapa Uganda zina tuba lakini hazina karatasi za kupigia.

Kwanza yafaa tujue kwa nini karatasi hizo ni chache. Tuba ni chombo kichanga. Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz waliipatia hati ya uvumbuzi huko Berlin tarehe 12 Septemba 1835. Mozart alikuwa amekwisha kufa tangu 1791, basi hakuiandikia hata nota moja. Watunzi waliofuata waliifanya kama nguzo ya nyumba: hubeba paa lote, lakini mgeni husifu mlango.

Aliyejitahidi sana kubadili hali hiyo ni Harvey Phillips wa Marekani. Alitaka kumheshimu mwalimu wake, William Bell, aliyezaliwa siku ya Krismasi mwaka 1902. Akamwomba Alec Wilder, mtunzi wa nyimbo zilizopendwa sana na watu, azipange nyimbo za Noeli kwa sauti nne za tuba na yufoniamu. Tarehe 22 Desemba 1974 wapigaji zaidi ya 300 walizipiga New York, katika uwanja wa kuteleza juu ya barafu. Funzo lake ni hili: wimbo ujulikanao na kila mtu, usiopanda wala kushuka mno, na wenye mahali pa kuvuta pumzi, hufaa kwa tuba.

Je, tutazipata wapi nyimbo zilizokwisha kupangwa? Maduka ya muziki ya ng'ambo huziuza, hata kwa njia ya intaneti. Lakini nyingi zimeandikwa kwa yufoniamu mbili na tuba mbili. Kabla ya kutoa fedha, tazameni sauti ya kwanza inapanda wapi. Kama hamna yufoniamu, huenda tuba isifike. Njia ya pili ni kuchukua kitabu cha kwaya chenye sauti nne na kuzishusha zote. Njia hii ni rahisi, ila ina hatari, nami nitaieleza.

Chukueni d na m. Katika Bi-flati, d ya chini ya tuba hutetemesha hewa mara 58 hivi kwa sekunde, na m iliyo juu yake mara 73. Tofauti ni 15 tu. Sikio haliwezi kuzitenga vizuri, nalo husikia mngurumo kama wa lori lipandalo mlima. Nota hizo hizo zikipigwa oktava mbili juu, ni mara 233 na 294. Tofauti ni 61, nazo husikika tamu. Ndiyo sababu sauti za kwaya zikishushwa vivi hivi wimbo huwa tope. Chombo chenyewe hutufundisha: ukipuliza bila kubonyeza vali, nota za chini ziko mbalimbali na za juu hukaribiana: d, d, s, d, m, s.

Basi tupange hivi. Tuba ya Nne ipige d ya chini. Ya Tatu ipige s iliyo juu yake. Ya Pili ipige m ya oktava ifuatayo. Na ya Kwanza iimbe wimbo juu yao. Wimbo ukishuka hata kuikuta m hiyo, Tuba ya Pili inyamaze kidogo. Chagueni wimbo usiozidi oktava moja. Ukiwa katika Bi-flati, wenye tuba za Bi-flati husoma bila shapu, na wenye I-flati husoma kwa shapu moja.

Katika nyimbo za dansi, Tuba ya Nne ifuate gitaa la besi, na ya Tatu ijibu kati ya mapigo. Nota ziwe fupi, ulimi uzikate safi, maana nota ndefu za chini hufunika wimbo. Kumbukeni pumzi pia. Bomba la korneti lina urefu wa mita 1.4 hivi, lakini la tuba ya Bi-flati lina mita 5.5. Kwa hiyo andikeni maneno ya ubeti chini ya nota za Tuba ya Kwanza, apumzike pale mwimbaji apumzikapo. Na wawili wa chini wasivute pumzi pamoja.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la haki. Wimbo una mwenyewe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Philly Lutaaya alifariki tarehe 15 Desemba 1989. Nyimbo alizozitunga zinalindwa hata 2039. Atakaye kupanga upya wimbo kama huo na kuupiga mbele za watu aombe ruhusa kwanza. Barua moja ya adabu haitushindi sisi tuliofundishwa kuandika.

Nanyi kaka zetu mliotutangulia, hasa mlio katika bendi za polisi na za jeshi, kama mna karatasi za zamani za tuba zinazoliwa na mende kabatini, tupelekeeni. Tutazinakili kwa mkono na kuwarudishia zenu. Nasi tukimaliza kupanga nyimbo zetu, tutaziweka katika maktaba ya shule, ili watakaotufuata wasianze tena na karatasi tupu.