Je, Makao Makuu Ndiyo Yaliyoijaza Dodoma Watu?

Wanafunzi wa uzamili wanaoandika tasnifu kuhusu Dodoma huja na maswali yanayofanana. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi.

Mwalimu, sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani Dodoma, na ya 2022 watu 3,085,625. Katikati, Julai 2016, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia huku. Ushahidi huo hautoshi?

Hautoshi. Hebu mtazame jirani. Singida haikupewa wizara hata moja, lakini ilitoka watu 1,370,637 ikafika 2,008,058. Hilo ni ongezeko la asilimia 46.5, na la Dodoma ni 48.1. Nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Anayesema wizara ndizo zilizoipandisha Dodoma juu ya wastani wa taifa, atueleze kwanza ni nini kilichoipandisha Singida.

Kwa nini Singida, na si Dar es Salaam?

Mikoa hii miwili ina mtama na alizeti, mifugo na Reli ya Kati. Mvua zikigoma Bahi, Manyoni nako huwa kugumu. Ila kufanana kwa mazingira pekee hakutoshi. Lazima uone ilikuwa inaendaje kabla ya tukio. Kati ya 2002 na 2012 Dodoma ilikua kwa asilimia 2.1 kwa mwaka, Singida 2.3. Muongo uliofuata ikawa 3.9 na 3.8. Kasi ya Dodoma ilipanda kwa 1.8, ya Singida kwa 1.5. Toa, inabaki 0.3. Hiyo ndiyo tofauti ya tofauti, na unaweza kuikokotoa nyuma ya bahasha. Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi, na huenda iliwafikia watu ambao ya 2012 iliwakosa. Lakini kama vishikwambi viliisaidia mikoa yote miwili kwa kiasi kilekile, kutoa huko kunaiondoa athari hiyo.

Kwa hiyo Serikali kuhamia Dodoma hakukuleta watu?

Sikusema hivyo. Wewe umeuliza habari za mkoa, na wahamiaji walikwenda jijini. Halmashauri ya Jiji ilitoka watu 410,956 ikafika 765,179, asilimia 86. Sehemu nyingine zote za mkoa, ukizijumlisha, ziliongezeka kwa asilimia 39 tu, jirani kabisa na wastani wa taifa. Athari ilikuwepo, ila imemezwa na wastani wa mkoa.

Usishangilie mapema, hata hivyo. Kijana aliyetoka Kongwa kwenda kupanga chumba Nkuhungu amepunguza huku na kuongeza kule, kwa hiyo pengo unaloliona ni kubwa kuliko athari yenyewe. Na Chamwino ndiko iliko Ikulu! Anayeitumia kama wilaya isiyoguswa na uhamisho hajawahi kupita barabara ile.

Si bora kuingiza mikoa yote kwenye kompyuta?

Ingiza, lakini kumbuka Tanzania Bara ina mikoa 26 na uliopewa makao makuu ni mmoja tu. Ukirundika vigezo kumi na tano juu ya mikoa 26, modeli itakupa jibu zuri lisilo na maana. Mimi napendelea njia ya uzito: mikoa kadhaa inachanganywa, kila mmoja kwa kiasi chake, hadi mchanganyiko ufuate mwenendo wa Dodoma wa kabla ya 2016. Kisha unaangalia Dodoma halisi inaachana nao wapi.

Na ulinganisho wa maeneo mawili tu una thamani?

Unayo. Mwaka 2004 Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, palipochanganyika makabila, shule zilichangiwa kidogo. Meatu hakuliona hilo, naye akaitaja siasa ya ujenzi wa taifa. Hoja ina nguvu, ingawa wilaya mbili zinatofautiana kwa mengi kuliko siasa.

Kabla hujafungua programu yoyote, andika eneo utakalolinganisha nalo na sababu zako, umpe msimamizi wako azipinge. Takwimu za sensa hadi ngazi ya kata zinapatikana Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hapahapa Dodoma.